Picha ya Michée kwenye simu za watu

Domitille alikuwa ametunza picha za maktaba ya mji, pale Uvira, kwa miaka kumi na tisa. Mafuriko yalipolowesha maboksi matatu, aliomba skana, akaanza kuziweka kwenye mtandao moja moja: wavuvi wa Kalundu, harusi, mavuno ya bonde la Ruzizi. Kwa miezi minane alifikisha mia tisa. Hata maji yakirudi, alijiambia, hawa hawapotei tena.

Jumatatu moja akaingia mama mmoja kutoka Katogota, jina lake Pudentienne. Alikataa kiti. Alifungua fundo la kitenge, akatoa simu.

"Weye ndjo unatiaka foto ku internet?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu ni bwana yangu."

Domitille aliitambua papo hapo. Michée, mwaka 1987, katika shamba la miwa, panga mkononi, anacheka. Lakini chini yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwamba huyu ni muuaji, ameonekana wiki hii njia ya Kiringye.

"Michée alikufa na malaria, iko miaka makumi mbili," Pudentienne alisema. "Lakini mutoto wetu Ushindi ni sura yake kabisa. Juzi bantu walimufukuza na mawe pale soko. Alivuka Burundi, sijui analala wapi. Tosha ile foto ku internet."

Domitille aligeukia kompyuta, akaifuta.

"Imetoka, mama."

Pudentienne akatazama simu yake. "Huku ingali iko."

"Huko miye siwezi kufika. Bantu walishaichukua."

"Ni weye uliitia!"

Domitille aligeukia tena kompyuta. Aliandika ukweli wote, jina la marehemu, mwaka wa picha, mwaka wa kifo, akautuma kwenye kila kundi la mtandaoni alilokuwemo. Watu watatu tu walijibu. Mmoja wao aliuliza nani amemtuma kumtetea muuaji.

Saa tisa, Pudentienne akiwa bado amesimama mlangoni, simu ya Domitille ililia. Dada yake Annie alikuwa amemtumia picha: Michée na panga lake. "Muchunge huyu muntu," Annie aliandika, "bamemuona Lubarika."

Domitille aliuficha uso wa simu kwenye paja lake.

Ushindi hajarudi. Kila Ijumaa Pudentienne hupiga simu maktaba kuuliza kama foto imetoka kwa watu, na Domitille humwambia bado.