Fundi wa Sura ya Tatu

Mdogo wangu alipobakiza mwaka mmoja kumaliza chuo kikuu, somo la fedha, walimu walimtia kwenye kundi dogo la wanafunzi wanaotafuta daraja la heshima. Walikuwa wanne tu. Kila mmoja alitakiwa aandike kitabu, wenyewe wakikiita memwari, kisha asimame mbele ya wakubwa watatu wamhoji hadharani. Akishinda kwa heshima, chuo kingembakiza awe mwalimu msaidizi na baadaye kimpeleke Ulaya akasome zaidi. Akipita hivi hivi, serikali ingempangia ukarani popote itakapo. Kati ya hayo mawili hapakuwa na la katikati.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiachia darasa la tano, baba alipofariki, nikaikalia cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa kule Kimisagara, mtaa wa Kigali. Barazani tulikuwa mafundi wanne, Waislamu wote, migongo ukutani, miguu kwenye kanyagio. Naandika daftari la mambo yangu tangu ujana, ila sina hakika kama ninayoyaandika yanasomeka. Nitajitahidi nisimwonee mtu, na mdogo wangu zaidi.

Wakati wa likizo alikuja barazani na karatasi zilizopigwa chapa, akavuta kigoda cha wateja, akakaa.

"Kaka, leo mimi si mdogo wako. Leo mimi ni mtafiti."

"Karibu bwana mtafiti. Suruali au koti?"

"Maswali. Kwa mwezi unaingiza kiasi gani, na kinachotoka ni kiasi gani?"

Cherehani tatu zikasimama pamoja. Wenzangu walikuwa wanatega masikio.

Hapa lazima nieleze jambo letu. Mtu wa kodi alikuja na karatasi. Mtu wa soko alikuja na karatasi. Mtu mwenye karatasi, barazani petu, alipewa jibu moja tu, na tulilijua sote kama tunavyojua salamu. Tena faida haitajwi mbele ya fundi mwenzio. Kesho atakuangalia vingine.

"Hasara," nikasema.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Mwaka mzima. Tunasukuma tu, alhamdulillahi."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze."

Jirani yangu akadakia: "Huyu? Huyu anakula hasara kama ugali! Ndiyo maana amenenepa." Tukacheka sote. Mdogo wangu naye alicheka, huku anaandika.

Mimi nilidhani anaandika kwa kujifanya tu mbele za watu, na kwamba tukifika nyumbani ataniuliza kweli yenyewe. Alilelewa kwangu. Wali wangu alikuwa anaula. Nyumbani hakuniuliza. Na mimi sikumwambia. Nikigawa kosa hilo kwa haki, nusu ni langu; siku nyingine naona ni langu zaidi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Kumbe alijenga sura nzima juu ya jibu lile. Sura ya tatu ya kitabu chake ilihusu fundi mmoja wa Kimisagara, asiyetajwa jina, anayefanya kazi kwa hasara miaka yote bila kujua, kwa sababu hajui hesabu. Mwalimu wake aliipenda sana. Hayo nilikuja kuyajua siku ya mahojiano yenyewe, yaliyofanyika hapa hapa Kigali, kwa sababu mmoja wa wale watatu alikuwa mkubwa wa benki na hakutaka kusafiri mpaka chuoni.

Nilimshonea suti ya buluu. Ilimkaa vizuri, hilo hata yeye alikubali. Mke wangu alikaanga sambusa tangu asubuhi, maana desturi ni jamaa wa mwanafunzi kuwakirimu wakubwa baada ya maswali. Mlangoni aliniambia:

"Kaka, kaa nyuma kabisa. Na wakikuuliza wewe ni nani, sema umeleta sambusa."

Akanyoosha koti, akaingia. Sikuchukia. Au nilichukia kidogo.

Walimhoji kwa Kifaransa; changu ni cha wateja, lakini nilimsikia akikariri masomo kwangu miaka mingi, kwa hiyo nilishika mengi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mtu wa benki, mwenye miwani na tumbo, alipofungua sura ya tatu.

"Fundi huyu anakula nini?" akauliza.

Ukumbi, uliojaa wanafunzi wenzake, ukacheka.

"Nauliza kweli. Hasara miaka yote hiyo! Hata benki yangu ingefungwa. Kwa nini yeye hafungi?"

"Ni mtu asiye na elimu, mheshimiwa. Anachanganya mfuko wa nyumbani na mfuko wa kazi. Anapoteza na hajui."

"Labda alikudanganya."

"Hapana, mheshimiwa. Namfahamu vizuri sana," mdogo wangu akasema. "Hana akili ya kudanganya."

Walicheka tena, na safari hii walicheka kwa raha. Sina la kuwalaumu. Walikuwa vijana, ukumbi una joto, na mwenzao alikuwa amejibu upesi. Kijana aliyekaa karibu nami alinigonga goti ili nicheke naye. Nikacheka.

"Ana watu wanaomtegemea?"

"Mke, watoto, na mdogo wake anayemsomesha."

"Anamsomesha wapi?"

Mdogo wangu akaizungusha chaki aliyokuwa akiandikia ubaoni. Hakuwa mwongo, nitamshuhudia hilo popote. Angeweza kutaja shule yoyote.

"Chuo kikuu, mheshimiwa."

"Kwa hasara?"

Kile kicheko kilipopasuka, aligeuza macho yake mpaka nyuma, kwangu. Nilimwona anavyonitazama. Serikali ilikuwa inampa posho yake, nisijisifu. Changu kilikuwa viatu, nauli, vitabu, na mtu wa kumpigia chapa hicho kitabu chenyewe. Lakini nilijua kwamba ndiyo kwanza anapiga hesabu ile, akiwa amesimama, watu wote wanamtazama, na haimkubali.

Mtu wa benki akaondoa miwani. "Mwanafunzi, niambie kweli. Fundi huyu yupo, au umemtunga?"

Mdogo wangu akaanza kupekua kurasa za kitabu chake. Pale nikasimama. Hakuna aliyeniita.

Yule mtu wa benki alikuwa amekulia Bujumbura, akanigeukia kwa Kiswahili. "Ndugu, wewe nani?"

"Mimi ndiye fundi."

"Wewe! Haya, tuambie. Unapata hasara?"

Nikisema ndiyo, kitabu kinasimama, na mimi nabaki humo ndani, mjinga wa sura ya tatu, maadamu karatasi ipo. Hayo niliyaona yote. Muda haukuwa mrefu, lakini ulitosha.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Napata faida, tena nzuri. Nilimwambia hasara kwa sababu alikuja na karatasi."

Sijawahi kuchekesha watu namna ile, kabla wala baada. Walipiga meza. Mwalimu aliyeipenda sura ya tatu aliinamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake. Mdogo wangu alibaki na chaki mkononi.

Kwenye daftari la wiki ile niliandika kwamba nilisema kweli kwa sababu mimi ni Mwislamu na nimeulizwa mbele za watu. Kesho yake nikaikata. Nikaandika: ni kwa sababu ya lile neno lake, kwamba sina akili. Nayo nikaikata. Zote mbili bado zinaonekana chini ya wino, na mpaka leo sijapata ya tatu.

Wale watatu walitoka, wakarudi, wakasoma: amefaulu. Basi. Neno la heshima halikufuata. Wenzake watatu wote walilipata. Mwalimu wake alinieleza baadaye, kwa upole, kwamba uongo wangu haukumponza; kilichomponza ni kutouhakiki. Sijui kama aliniambia hivyo ili anipunguzie mzigo.

Sambusa zilikuwepo, ilibidi ziliwe. Mdogo wangu alizungusha sahani kwa wakubwa mmoja mmoja, akiwashukuru. Alipofika kwangu alisema polepole, uso unatabasamu kwa ajili ya watu:

"Ungekaa tu, kaka. Dakika tano ungekaa kimya."

"Na wewe ungeniuliza nyumbani."

"Ungeniambia nyumbani."

Mtu wa benki alikuwa anatujia, sambusa mkononi, mafuta kidevuni.

"Bwana faida! Suti hii ya kijana umeshona wewe?" Akaishika kola ya mdogo wangu, akaigeuza ndani nje kama iko dukani. "Kazi safi. Nami nishonee suruali. Ila mimi nitakulipa bei ya sura ya tatu!"

Waliokuwa karibu wakaanguka kwa kicheko. Mdogo wangu pia alicheka. Mimi nikatoa utepe wa kupimia mfukoni, kwa kuwa mteja ni mteja.

"Unaandika wapi vipimo?"

"Nitavikumbuka, mheshimiwa."

"Vya nini kuvikumbuka, na msomi tunaye hapa? Kijana, mwandikie kaka yako. Safari hii andika sawasawa."

Mdogo wangu akaweka sahani chini, akatoa kalamu. Nikapiga goti mbele ya yule mtu. Nikataja kiuno, nyonga, paja, urefu, na kila namba mdogo wangu aliirudia kwa sauti kabla hajaiandika, kisha akangoja nikubali. Mtu wa benki aliinua mikono juu, anatafuna, akasema tumwachie nafasi kidogo kiunoni, maana anatarajia kuongezeka. Nikaongeza vidole viwili. Mdogo wangu akaandika.