Isiwashwe Mpaka Kesho

Siku yangu ya kwanza kazini Patron, mwenye duka, hakunionyesha duka, alinionyesha meza. Ilikuwa meza ya mbao ngumu karibu na mlango, na juu yake ulining'inia waya mrefu wenye kile tunachokiita Kisangani prise, yaani pa kuchomekea vyombo vya umeme. Patron alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa na asiye na muda wa salamu ndefu. Alichomeka pasi, akasubiri kidogo, akanishika mkono na kuusogeza karibu na chuma.

“Unasikia moto?”

“Nasikia, Patron.”

“Bon. Na mwenye kununua anapashwa kusikia vile vile, mbele atoke. Akisha kupita ule mulango, miye na yeye tumemaliza.”

Ukutani, nyuma ya kichwa chake, paliandikwa kwa Kifaransa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Nyinyi vijana mnaonunua vitu kwa kutazama picha kwenye simu mtaona ajabu, lakini maandishi hayo ndiyo yaliyoniajiri. Kwa kuwa kitu hakikurudi, ilibidi mnunuzi akione kikifanya kazi kwa macho yake, na mtu wa kumwonyesha nilikuwa mimi. Balbu, pasi, redio, feni, televisheni, friji, vyote vilipita mezani kwangu. Jina langu ni Zaina, lakini wateja waliniita Mama Prise, hata kabla sijapata mtoto wa kuniita mama. Shangazi yangu mmoja, kwenye familia yetu ya Waislamu wa zamani wa mji huu ambako wanaume ni mafundi cherehani na wanawake ni wapishi hodari, aliuliza mpaka anakufa ni kazi gani hiyo ya kuwasha na kuzima.

Ilikuwa kazi ya kutazama watu. Kwa wateja wetu, uzito ndio uliokuwa ubora. Mwanaume aliinua redio kwa mkono mmoja, akaipimapima hewani, na ikiwa nyepesi aliirudisha kwenye rafu kabla haijatoa sauti. Watengenezaji walilijua hilo. Fundi jirani aliwahi kufungua redio moja mbele yangu tukakuta kipande cha chuma kimekazwa ndani kwa skrubu, hakijaungwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kuinuliwa tu.

Kulikuwa pia na ubishi usiokwisha kati ya kitu kipya cha China na kile tulichokiita occasion, yaani kilichotumika Ulaya kikaletwa kwetu. Nimeona watu wakipita friji mpya inayong'aa na kwenda kukumbatia nyingine yenye mikwaruzo, ambayo ndani ya mlango bado kuna picha ya katuni iliyobandikwa na mtoto wa Kizungu. Walisema picha ile ndiyo hati yake. Nimeona occasion zilizokufa kabla hazijafika nyumbani, na za China zilizozeeka pamoja na wenyewe. Ubishi huo sikuuingilia, niliwasha tu.

Magari hatukuyauza, lakini Patron alikuwa na maoni juu yake kama kila mtu. Lake lilikuwa na usukani upande wa kulia, kama mengi yanayotoka mashariki, na kwa barabara zetu maana yake ni kwamba dereva akitaka kulipita lori lazima amuulize aliyekaa kushoto kama njia ni nyeupe. Nilimuuliza kwa nini asinunue la usukani wa kushoto.

“Mutokari muzuri,” alisema, “ni ile pièce yake inapatikana pa Butembo. Ingine yote ni mapambo.” Pièce kwake ni kipuri.

Baada ya miaka kadhaa mezani nilipelekwa uwanja wa ndege wa Bangboka kupokea mizigo, kisha ghalani karibu na bandari, chini ya Chef de dépôt, yaani mkuu wa ghala. Huyu alikuwa mzee mwenye sauti ndogo ambaye hakuwahi kuinua kitu mwenyewe, ila hakuna kilichoinuliwa bila neno lake. Kwake nilijifunza kupima mpira wa mlango wa friji: unafungia kipande cha karatasi katikati, unakivuta, na kikitoka kwa shida mpira unakamata vizuri. Kwake pia nilijifunza kupumzisha friji.

“Ndani ya moteur muko mafuta,” alinieleza. “Ukiilalisha, mafuta inakimbia ndani ya mabomba. Uisimamishe, uiache, mafuta irudie kwake pole pole. Imefika leo, isiwashwe mpaka kesho. Ukiwasha mbio mbio, moteur inatembea kavu, na itakufa. Haitakufa leo. Ile ndiyo mubaya yake, haitakufa leo.”

Friji zetu zilikuja kutoka mashariki kwa lori, zimelazwa kati ya magunia ya maharage, zikirushwarushwa kwenye mashimo siku nyingi. Kwa hiyo kanuni ilizihusu zote. Shida ni umeme wa kwetu, ambao huja kwa zamu na huondoka bila kuaga. Ukiambiwa ungoje mpaka kesho, na umeme upo leo, unangoja nini? Kwingine kosa hilo hufanywa na asiyejua. Kwetu hufanywa na watu wanaojua vizuri kabisa.

Nilirudishwa dukani wakati Patron amezeeka na kazi zote ziko mikononi mwa Gérant, meneja aliyependa mambo yaende haraka. Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, pamoja na shemeji zake wawili. Jina lake Mama Agnes. Mume wake alikuwa ameachishwa kazi ya reli na alikuwa mgonjwa, na familia ilikuwa imeuza pirogi, mtumbwi wao, ili kupata friza, ile congélateur ya kugandisha barafu. Angeuza barafu kwa wavuvi na maji baridi kwa wapita njia. Hayo alinieleza akiwa amesimama mezani kwangu, kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi.

Friza yenyewe ilikuwa imeshushwa kwenye lori asubuhi hiyohiyo. Nilimwambia ipumzike kwanza, arudi kesho, nitaiwasha mbele yake.

“Mama Prise, kesho courant itakuwa?” aliniuliza.

Courant ni umeme, na wa kesho nani aujue? Mashemeji walisema kwamba kama haiwaki mbele ya macho yao hawaichukui, na duka la pili liko hapo mbele. Gérant alitoka ofisini.

“Mama Zaina, washa.”

“Gérant, ilikuwa imelala ndani ya lori. Tuiache mpaka kesho.”

“Kesho muteja atakuwa pa jirani. Washa.”

Nilibaki nimeshika kichwa cha waya. Akakichukua mkononi mwangu, akakichomeka mwenyewe. Friza ilinguruma, ikatulia, ikaanza kuimba vizuri, na baada ya muda Mama Agnes aliingiza kiganja ndani akacheka kwa sauti. Kila mtu dukani alicheka naye. Wakati mashemeji wanaifunga kamba nilimsogelea nikamwambia, “Mama Agnes, ikikufa, njoo kwangu. Sio kwa duka, kwangu miye.” Niliogopa kwa ajili yake, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Gérant alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Bon,” alisema, na Mama Agnes akiwa bado hapo. “Ikirudia hapa, utatoka pamoja nayo.”

Tangu siku hiyo, kila mteja aliyeingia na matope ya Lubunga miguuni alinishtua. Nilimtazama usoni kwanza, kisha nikatazama nyuma yake kama kuna watu wanabeba kitu. Mama Agnes hakuja. Simu zenye tochi zilikuja, kisha simu za kugusa, kisha paneli za jua ambazo nilizijaribishia barabarani, mteja akiziba jua kwa kanzu yake kuona kama taa itazima kweli. Patron alifariki, Gérant alifungua duka lake Beni, na aliyekuja kukaa kwenye kiti ni mtoto wa Patron, tuliyemwita Patron mdogo ingawa ana mvi. Mama Agnes hakuja. Nilijiambia kwamba friza inatembea, na kwamba Chef de dépôt alizidisha. Siku nyingine nilijiambia kinyume chake.

Mwaka jana nilistaafu. Kwetu dukani anayeondoka huchagua kitu kimoja kwenye rafu, chochote, na wenzake humjaribishia mezani kama mteja. Nyumbani kila mtu alikuwa na maoni. Mwanangu wa kwanza alitaka televisheni pana kuliko ukuta wetu. Binti yangu alitaka mashine ya kufulia, kwenye nyumba ambayo maji huletwa kwa bidoni, yaani madumu. Mume wangu alisema nichague kitu kisicho na waya, maana waya amezichoka. Nilimwambia Patron mdogo anipe muda.

Muda huo niliutumia kuvuka mto. Nisingeweza kukaa nyumbani na swali lile. Lubunga si mbali, ni woga tu ulioirefusha. Niliuliza kwa Mama Agnes mwenye barafu, na mtu wa kwanza niliyemuuliza alinyoosha kidole.

Alikuwa ameketi kibarazani, amenenepa, kitambaa cha mjane kimeshachakaa kichwani. Pembeni yake ilisimama friza ileile. Alinitambua kabla sijasema neno, akanivuta mkono, akafungua kifuniko na kunipa mfuko wa maji.

“Kunywa kwanza, ya Zaina. Mayi ya malili.”

Aliniita ya, yaani dada mkubwa. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Niliyanywa yote bila kupumua na nikajisikia mwepesi, nikacheka peke yangu kama mwehu. Inatembea, nilisema moyoni, miaka yote hii inatembea. Kisha kwa mazoea ya kazi nikainama kutazama waya unachomekwa wapi. Hapakuwa na waya. Ulikuwa umekatwa zamani, na palipotokea pamezibwa kwa kitambaa. Ndani, chini ya mifuko ya maji, kulikuwa na vipande vya barafu vilivyofunikwa kwa maganda ya mpunga.

“Barafu ninanunua pa wale wenye groupe,” alisema Mama Agnes, akimaanisha wenye jenereta. “Inabeba malili mpaka mangaribi. Boîte, sanduku yake, iko nguvu.”

“Ilikufa lini?”

“Mvua ya pili. Papa, bwana yangu, alikuwa angali muzima.”

“Na haukuya? Nilikuambiaka uye kwangu!”

“Nikuye kukufukuzisha kazi?” Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. “Nilisikiaka vile Gérant alisema. Wewe peke yako ndani ya ile duka ulinisemeshaka kweli. Nikulipe na ile?”

Nililia. Sikuona haya, na yeye hakunizuia. Kisha nikafanya nilichojua kufanya: nikachana kipande cha karatasi, nikakifungia chini ya kifuniko, nikavuta. Kilitoka kwa shida.

Kesho yake nilimwambia Patron mdogo kwamba nimechagua. Wenzangu waliishangilia friza mezani, na kwa kuwa ilikuwa imeshapumzika ghalani tuliiwasha, ikagandisha vizuri. Mtoni, mwenye pirogi alikataa kuivusha ikiwa imesimama. Sikubishana naye, kwa sababu mkondo ulikuwa mkali na mtoni bwana ni yeye. Tuliilaza, nami nikakaa kando yake mpaka ng'ambo.

Mara nyingi nimeulizwa, kwa kuwa nimewasha vitu vyote hivyo, ni kipi kizuri. Watu wanategemea nitaje nchi au jina la kiwanda. Sijui. Vyombo nilivijua wakati wa mlangoni tu, vikiwa vipya na watu wanacheka. Maisha yao mengine yote yalikuwa ng'ambo ya mlango ule, nami sikuyaona isipokuwa ya friza moja.

Tuliisimamisha kibarazani kwa Mama Agnes, pembeni ya ile ya zamani. Hatujamaliza hata kuifuta vumbi, umeme ukaja. Mtaa mzima ulipiga kelele, watoto wakakimbia na chaja, redio tatu zikaanza pamoja. Mama Agnes aliitazama friza, kisha akanitazama mimi.

“Mama Prise,” alisema, “kesho courant itakuwa?”

“Sijue,” nilimjibu.

Alifikiri kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na viti viwili, tukaketi mbele ya friza mpya tukinywa maji baridi kutoka kwenye ile iliyokufa, na kichwa cha waya nikakishika mapajani mwangu.