Shemasi na Koki Nne

Siméon Bukuru alikuwa na miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo yote ulimi wake haukuwahi kugusa pombe. Si kwamba aliacha. Hakuanza. Alizaliwa Katumba, kwenye nyumba ya walokole waliolima mahindi na tumbaku, akajifunza ufundi wa mafriji Mpanda mjini, na alipopata kibanda chake mwenyewe mtaa wa Shanwe aliandika mlangoni kwa rangi ya bluu: FUNDI MKUU NI BWANA, MSAIDIZI YUPO NDANI. Kanisani alikuwa shemasi. Siku ya meza ya Bwana ndiye aliyejaza vile vikombe vidogo vya plastiki, na hakumwaga hata tone, maana mkono wake ulizoea kazi za kupima.

Ndiyo maana watu walishangaa waliposikia aliyefunga koki za bia kwenye sebule ya mtu ni yeye.

Mwenye sebule alikuwa Ngusa Malale, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga akiwa kijana. Ng'ombe wake walikuwa kijijini Litapunga, yeye na mkewe Kija walikuwa wamejenga Shanwe. Mwaka ule alikwenda Mwanza kwenye harusi ya mpwa wake, akalala hotelini, na kaunta ya hoteli ile ilikuwa na koki nne za bia. Alirudi akiwa hana habari ya harusi.

"Unavuta tu, fundi," alimwambia Siméon kibandani. "Kama unakamua. Nataka nne kama zile, ukutani kwangu, nikae kwenye kiti changu ninyooshe mkono."

"Baa zipo, mzee."

"Nikikaa baa kila anayepita ni shemeji yangu. Nataka ninywe glasi zangu mbili kwa amani, nilale."

"Mimi ni mlokole, mzee."

"Sijakuambia unywe. Nimekuambia ufunge."

Siméon aliomba siku tatu za kulipeleka jambo hilo kwenye maombi. Siku ya kwanza aliomba kweli. Siku ya pili, katikati ya maombi, ilimjia picha ya friza la kulala, lile la kuuzia aiskrimu, likiwa na mapipa ndani na mipira minne ya kupitishia bia ikitoka kwenye ubavu wake. Siku ya tatu alikuwa akiomba na penseli mkononi. Jioni alimweleza mkewe, Emelyne, kwamba amepata jibu: yeye kazi yake ni kutengeneza baridi, na baridi haina dhambi.

Emelyne alikuwa anachambua maharage. "Na hiyo baridi, Baba Prisila, inapoza nini?"

"Inapoza kilichomo."

Emelyne alimtazama kidogo, akarudi kwenye maharage yake.

Kwa wiki mbili Siméon aliangalia video kwenye simu. Maneno ya waliozungumza aliyashika machache, ila mikono yao aliielewa yote. Alijifunza kwamba bia ya pipa haishuki yenyewe, inasukumwa na gesi ya mtungi. Kwamba gesi ikizidi inatoka povu tupu. Kwamba mpira ukiwa mfupi bia inatoka na hasira, ukiwa mrefu kiasi inafika imetulia. Aliyaandika yote kwenye daftari la mistari, na michoro juu yake. Alipata friza kuukuu, akabadilisha kirekebisha joto chake ili lipoze bila kugandisha. Koki ziliagizwa Dar zikaja kwa basi zimefungwa kwenye boksi la viatu. Alipotoboa ukuta wa sebule, Kija alisimama na kanga begani, akamuuliza mumewe kwa nini nne.

"Mwanza zilikuwa nne," alijibu Ngusa.

Tabu ilianzia kwenye bia yenyewe. Wakala aliyepatikana alikuwa Mbeya, naye alisema kwa njia ya Mpanda anapakia aina moja tu. Siméon alishauri wafungue koki moja, tatu zisubiri.

"Ng'ombe mwenye chuchu nne unamkamua moja?" aliuliza Ngusa.

Basi Siméon akachora upya. Pipa moja, mpira mmoja unaotoka, kisha unagawanyika mara nne. Aliijaribu kwa maji kwanza, siku tatu, mpaka koki zote zikatoa sawasawa. Pipa la kwanza lilipofika na lori, alilifunga, akavuta ya kwanza, akaiinua glasi dirishani. Povu vidole viwili. Akamkabidhi mwenyewe, akaenda kunawa mikono.

Pipa lilikuwa na lita hamsini, na wakala alikuwa amesema likishafunguliwa lisipite wiki tatu. Ngusa, mtu wa glasi mbili, alinywa kwa amani siku nne. Siku ya tano alikaa na Siméon wakapiga hesabu, ikaonekana kwamba akiendelea kwa amani hiyo nusu ya pipa itamwagwa. Ukiongeza umeme unaokatika, hata zaidi. Na Ngusa alichukia kutupa kitu kuliko alivyochukia wageni. Aliwaita majirani wawili. Majirani wakaja na shemeji zao.

Ulipofika mwezi wa pili wa koki hizo, sebule ilikuwa inajaa kila jioni, na Ngusa alikalia kigoda kwa sababu kiti chake kilikuwa na mtu. Wageni walikuwa wameshagawanyika kambi. Koki ya kwanza, walisema, ni ya akina mama, nyepesi. Ya pili inafaa ukiwa na njaa. Ya nne ina utamu kwa mbali. Ya tatu ndiyo kali. Mtu anayeheshimu kesho yake haigusi zaidi ya mara moja. Siku moja wawili karibu wapigane, mmoja akidai amewekewa ya kwanza kwa hila. Siméon, aliyekuwa amekuja kuosha mipira kama alivyofanya kila Jumamosi, alifungua mdomo aeleze. Ngusa alimtazama kwa jicho la mtu aliyepata raha moja tu katika nyumba yake, naye akaufunga. Hakusema uongo. Hakuna aliyemuuliza.

Walichomuuliza kilikuwa kingine. "Fundi, ya leo vipi?" Naye, kwa uaminifu wa kazi, aliinua glasi kwenye mwanga, akatazama povu linavyokaa, akanusa, akasema: "Imepanda nyuzi mbili. Nani aliacha friza wazi?" Na kweli friza lilikuwa limeachwa wazi. Haikuchukua muda Shanwe nzima ikawa inasema kwamba hapa mjini hakuna anayeijua bia kama shemasi. Maneno hayo yakafika kanisani.

Aliitwa Alhamisi baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma. Alikuwepo Mchungaji Silvester na daftari la kumbukumbu, na wazee wawili wa kanisa. Aliyezungumza ni mmoja wao, Mzee Yotham, yule aliyewafundisha akina Siméon shule ya Jumapili wakiwa watoto.

"Shemasi, watu wanasema wewe ndiye mjuzi wa bia."

"Bia siijui, mzee. Naijua baridi."

"Unamtengenezea mtu njia ya kupotea, halafu unasema hujui anakokwenda?"

Siméon alifikiri kabla ya kujibu. "Baba yangu alilima tumbaku miaka thelathini, na hakuwahi kuvuta. Fungu lake la kumi lilisaidia kuezeka jengo hili. Kanisa halikumuita."

Wazee wote wawili walikuwa wakulima wa tumbaku. Walitazama bati.

"Tumbaku ni tumbaku," alisema Mzee Yotham hatimaye. "Mtu anavuta na anaamka asubuhi, anakwenda shamba. Lakini ile ya koki ya tatu, mwanangu, ile..."

Kalamu ya mchungaji ilisimama.

"Nasikia," alisema Mzee Yotham. "Nasikia ndiyo kali."

Siméon angeweza kuliacha lipite. Lakini alikuwa ameulizwa, au alijiona ameulizwa, na juu ya kazi yake hakuwa amewahi kudanganya.

"Zote zinatoka pipa moja, mzee. Hakuna kali."

"Zote nne?"

"Zote nne."

"Hata ya tatu?" alisema Mzee Yotham, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Mchungaji alikohoa, akafungua ukurasa mpya. Hukumu haikuchukua muda. Maneno ya Mzee Yotham yalikuwa ya kusikia tu, na kusikia si kosa. Siméon alipewa miezi mitatu bila huduma, kwa sababu kikao kilikuwa kimeitwa kwa jina lake na ilibidi kiishe na mtu. Walipokuwa wakitoka mchungaji alimvuta pembeni. Friza la nyumbani kwake lilikuwa halipozi, na soda za kongamano zilikuwa zimeshafika. Je, angeweza kupita Jumamosi?

"Jumamosi naosha mipira," alisema Siméon. "Nitakuja kesho."

Nyumbani Emelyne alimuuliza wamesemaje, akamwambia. Alitegemea machozi, au walau lile jicho la siku ya maharage. Emelyne alihesabu kwa vidole.

"Jumapili kumi na mbili," alisema. "Basi utakaa na mimi. Tangu wakufanye shemasi, miaka kumi na moja, mimi nakaa na mkoba wangu."

Jumapili ile walikaa benchi la tatu kutoka mlangoni. Siméon hakuwa amewahi kujua kwamba upepo mzuri unaingilia upande huo, wala kwamba huko nyuma watu hupitishiana karanga wakati wa matangazo. Mbele, kijana aliyeshika nafasi yake alimwaga juisi ya meza ya Bwana kwenye kitambaa cheupe. Siméon aliinuka nusu. Emelyne alimshika mkono, akamrudisha, akamwekea karanga kiganjani.