Doa la Bibi

Jina la Kipara halikuhitaji maelezo. Kila wiki binti huyu alinyoa kichwa mpaka kikang'aa kuliko bomba la sinki alilokuwa akilifuta. Kazi za ndani katika nyumba ile alizifanya kwa mikono na mdomo, na mara nyingi mdomo ulitangulia. Ndio uliomponza. Alipoonywa kwamba kaunta ya bafuni ni marumaru halisi, alijibu, "Jiwe ni jiwe," akaimwagia siki. Siki ikala mng'aro, ikaacha baka lililofifia kama jicho lenye mtoto. Mwenye nyumba hakupiga hata kelele. Alisema tu, "Alama moja zaidi, Kipara, unafungasha."

Basi alama yenyewe ndiyo hii imefika: nyeusi tii, pana kama kiganja, kando ya sinki. Na kando ya doa amesimama Bibi, mama mkwe wa mwenye nyumba, taulo kichwani, kichupa mkononi.

"Kipara mwanangu, usimwambie mkwe wangu."

"Bibi! Hii si rangi ya nywele?"

"Punguza sauti!"

Kumbe! Bibi huyuhuyu ambaye kila wakikaa mezani humwambia mkwewe, "Mimi na uzee huu sina hata mvi moja, wewe mtoto wa juzi umeshamwagiwa unga kichwani?" Nywele zake ni za kurithi, ndivyo anavyotangaza. Kazirithi dukani.

Kipara alilisugua doa kwa sabuni. Likamtazama tu. Akimtaja Bibi, bibi wa watu hataweza tena kuinua uso mezani. Akinyamaza, kibarua kinaota nyasi.

Mwenye nyumba alikuwa safarini, arudi kesho jioni. Kipara akakumbuka dawa aliyofundishwa na mwenzake wa nyumba ya wageni. Akachanganya baking soda na ile dawa ya vidonda inayotoa povu, mpaka ikawa nzito kama udongo wa kufinyangia. Akaipaka juu ya doa, akaifunika kwa nailoni na kubana kingo kwa selotepu. Ikikauka, huinyonya rangi kutoka ndani ya jiwe. Ndivyo alivyoambiwa. Kwa macho yake hakuwahi kuona.

Kesho yake Bibi hakutulia.

"Nichungulie kidogo tu."

"Bibi, ukiigusa haijakauka, tutafungasha wote wawili."

Mchana geti likalia. Dada mwenye nyumba kawahi kurudi! Akaingia moja kwa moja bafuni kunawa uso.

"Kipara! Hii nailoni ya nini?"

"Dawa, Dada."

"Ya nini?"

Kipara akabandua selotepu polepole, akaukwangua ule unga kwa mwiko wa plastiki. Ulibanduka vipande vipande, chini mweusi kama masizi. Akafuta kwa kitambaa chenye maji. Jiwe jeupe! Limebaki lile baka lake la siki tu.

Dada akaokota kipande, akakigeuza. "Ilimwagika nini hapa?"

"Rangi ya nywele."

"Ya nani?"

"Yangu."

Dada akakitazama kile kichwa. Taa ya bafuni ilikuwa ikijiangalia humo.

Kipara alishaanza kukunja nguo zake kichwani, gauni la kijani chini, viatu juu.

"Ni yangu mimi," sauti ikatoka mlangoni. Bibi alikuwa ameshikilia fremu kama mtu aliye juu ya ngazi. "Mtoto wa watu hana kosa. Kama ni kufungasha, nifungashe mimi."

Dada alizitazama zile nywele za kurithi, mzizi hadi ncha. Kisha akamvuta Bibi ndani, akafunga mlango kwa komeo, akafungua kilemba chake. Mvi zikachomoza pande zote.

"Mama, imebaki?"

"Nusu chupa, mwanangu."

"Kipara."

"Abee, Dada."

"Tandika nailoni kwanza."