Mpiga nyatiti aliyefumba macho Muhuru Bay

Opere Nyandega anakiri hata kabla hajaulizwa: siku ile mjinga alikuwa yeye. Anakiri huku anacheka, ameinama juu ya nyatiti yake, anavuta uzi wa tatu kwa meno.

Ni saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa Agosti 1997. Omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa ufuoni Muhuru Bay, na harufu yake imepanda hadi kwenye boma la marehemu Wasonga, ambako leo watu wataomba, watakula na kumkumbuka mwenye boma aliyezikwa mwaka jana. Opere ameingia tangu jana kutoka kwao Magunga. Kigoda chake kiko tayari chini ya turubai. Kama atakikalia, hajui.

Ndani ya nyumba, kamati ya familia inajadili jambo moja tu: apewe kazi Opere, ama iagizwe disko ya Homa Bay, yenye jenereta na spika mbili zenye urefu wa mlango.

Opere ana miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameila kwa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane cha Wajaluo. Mpigaji hukaa chini, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Mikono inachezea nyuzi, pete inagonga ubao, mdomo unaimba. Ni kazi ya watu watatu inayolipwa kwa mmoja.

Nyuzi hununua dukani kwa Noor, mfanyabiashara kutoka Garissa anayeuza vifaa vya uvuvi hapo sokoni. Ni uzi uleule wa kuvulia.

"Wengine wananunua wa kushika samaki," anasema Noor. "Huyu peke yake ndiye ananunua wa kushika watu."

Sifa hiyo ina chanzo. Mara chache sana, Opere akiwa anapiga, kuna kitu humjia. Hana jina lake. Husema tu "kushikwa." Katika miaka yote hiyo ameshikwa mara saba.

"Kwanza masikio yanafunga," anaeleza. "Halafu vidole vinaenda mbele, mimi nabaki nyuma navifuata, kama mtu amekimbiwa na ng'ombe. Sauti inatoka, lakini si ile yangu ya kila siku. Hiyo kitu nikijua imekuja, imeshaenda."

Ikiondoka, kidole cha mguu huwa kimechubuka bila yeye kuhisi. Amewahi kujaribu kuiita. Alishinda njaa siku mbili, ikaja njaa. Akajaribu pombe kali ya chang'aa, kikaja kichwa kuuma. Sasa haiiti tena.

Mara ya saba ilimpata hapahapa, mchana wa kumzika Wasonga.

Damaris, mjane, alikuwa na siku ya tatu bila kudondosha chozi. Alikaa kando ya jeneza akitazama mikono yake, na wanawake waliokuja kumliwaza walianza kuliwazana wao kwa wao kwa minong'ono. Mjane asiyelia hukosa wa kumtetea. Ilishaanza kusemwa kwamba huenda anajua kilichomuua mumewe.

Opere akaanza wimbo wa marehemu, wa kawaida tu, akitaja mitumbwi yake na watu aliowavusha. Alipofika kwenye jina la mama yake Wasonga, masikio yakafunga.

Sasa, nyatiti ina adabu yake, na kila Mjaluo anaijua. Mtu akitaka kujisifu, huinua mkono wenye noti. Mpigaji husimamisha muziki papo hapo, mwenye noti hujitaja kwa majina yake yote na ukoo wake wote, watu hushangilia, noti humwangukia mpigaji, wimbo unaendelea. Ndiyo pakruok. Mpigaji asiyesimama anakuwa amemvua mtu nguo hadharani.

Aliyeinua mkono siku hiyo alikuwa Stanley, mdogo wa marehemu, mwenye malori mawili ya samaki. Majigambo yake alikuwa ameyaandaa tangu maiti itoke mochari, na lori la pili lilikuwa na ubeti wake peke yake. Akainua mkono. Wimbo ukaendelea. Akauinua zaidi. Wimbo ukaendelea. Mkono ulipochoka, akaushikilia kwa mkono wa pili.

Hapo ndipo Opere alipofumbua macho kidogo, jasho limejaa, akaona mtu kasimama mkono juu, uso umekunjamana. Noti hakuiona. Alichoona ni ndugu wa marehemu aliyezidiwa na uchungu, kama waumini wa dhehebu la Roho wanavyoinua mikono kanisani.

"Nikamhurumia," anasema Opere. "Nikamtikisia kichwa, nikamwongezea mzunguko mwingine. Nikafumba macho tena."

Mizunguko ilikuwa mitatu. Katikati ya wa pili, Damaris alianguka kifudifudi juu ya jeneza akalia mpaka wenzake wakamshika kiuno. Waliokuwa wakinong'ona walilia kuliko yeye. Stanley alishusha mkono na noti yake, akaenda kusimama nyuma ya lori.

Tangu hapo malori hayo yamebeba samaki pamoja na habari. Kutoka Mbita hadi Migori mjini imesemwa kwamba Opere haoni watu. Zamani aliitwa kwenye matanga manne kwa mwezi, kila moja shilingi mia sita na chakula. Mwezi wa Juni aliitwa mara moja. Julai hakuitwa. Mkewe ameanza kuuza mtama waliouweka wa mbegu, na nyatiti yenyewe imepasuka pale pete inapogonga. Anatumaini kutengeneza nyingine kabla ya Krismasi, maana ngozi anayo tayari, imewambwa juani Magunga. Lakini familia hii ikimkataa leo mbele ya wageni wote, familia nyingine zitamkataa bila kuuliza sababu.

Saa nne kamati inatoka nje na kumwita. Stanley anasema kwanza, na anasema kwa haki: mkono ukiinuka, nyatiti husimama, hiyo haikuanza na yeye. Wazee wanaitikia kwa vichwa. Opere naye anaitikia.

"Mzee Stanley, hapo sina neno," anasema. "Mjinga nilikuwa mimi. Nilidhani huo mkono ni wa uchungu."

Mtu mmoja nyuma anakohoa kicheko. Stanley hacheki. Anatoa sharti: Opere apige leo akiwa macho wazi mwanzo hadi mwisho, na kila mkono autii, la sivyo jenereta iwashwe.

Opere anapangusa ubao wa nyatiti kwa kiganja. Kazi anaihitaji na kila mtu anajua anaihitaji. Anajibu polepole kwamba kuangalia mikono anaweza, na atapiga vizuri, watu watacheza. Ila ile kitu haiji kwa mtu anayechunga mikono ya watu, na hataki kumdanganya mwenye matanga.

"Basi isije," anasema Stanley. "Mwaka jana ilikuja, mimi nikaaibika mbele ya watu wa location nzima. Nilisimama pale kama mlingoti. Nani alinijali?"

Damaris anainuka kwenye mkeka. Anakichukua kigoda cha Opere chini ya turubai, anakipeleka hadi kando ya kaburi la mumewe, anakiweka, anakikandamiza kisiyumbe. Kisha anamgeukia Stanley.

"Shemeji," anasema, "siku ile hatukuwa tumekuja kukuzika wewe."