Asilimia Thelathini na Moja

"Mwamshe asogee, nipime na ukuta wa nyuma!"

"Hasogei mtu hapa. Kunja tepu yako utoke!"

"Dada, mimi nimetumwa."

"Na mimi nakutuma. Toka!"

Hiyo ni saa nne asubuhi, Jumamosi. Dalali wa nyumba kapiga goti juu ya kitanda cha baba yangu, kiatu kimekanyaga shuka, tepu ya kupimia kaipitisha juu ya miguu ya mzee.

Na mzee mwenyewe yumo kitandani, amelala.

Naandika haya nikiwa na kinyaa, na kinyaa chenyewe si cha dalali peke yake. Mtaona.

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Mwache afanye kazi, mdogo wangu. Mteja anafika saa sita. Baba anatia sahihi, tunamaliza."

"Tunamaliza nini? Baba?"

"Usianze."

"Nimeshaanza."

Kaka yangu anauza vipuri vya pikipiki, lakini mtaani wanamwita Profesa. Hakuna kitu asichokuwa na asilimia zake. Mvua, asilimia. Mpira, asilimia. Wifi yangu akichelewa kuivisha chakula, anapewa asilimia za uchelewaji.

Wiki tatu nzima alikuwa anamwimbia baba wimbo mmoja tu. Wachumi wamesema soko la nyumba linaporomoka. Ukikawia hadi mwisho wa mwaka, hii nyumba itakuwa bei ya banda la kuku. Uza sasa, mzee, uokoe kilichopo.

Baba ana miaka sabini na minane. Hiyo nyumba aliijenga kwa mkono wake, chumba kimoja kila alipopata. Mama alifia humo. Mpango wa Profesa ulikuwa auze, kisha ahamie "chumba" nyuma ya duka la vipuri.

Hicho chumba nilikiona. Matairi hadi darini. Kidirisha kimoja, kinafungukia choo cha jirani.

Baba akafumbua macho.

"Nini hiki kinatembea miguuni?"

"Tepu, mzee wangu," dalali akasema, kwa adabu zote, goti bado liko kitandani.

Baba akaitazama ile tepu, akamtazama dalali, akanitazama mimi.

"Nimelala kwenye nyumba, naamka kwenye kiwanja."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Nionyeshe hiyo ripoti," nikamwambia kaka.

"Utaielewa? Wachumi saba wameiandika. Saba! Wewe na diploma yako moja utawaweza?"

"Diploma yangu ni ya uthamini wa majengo. Nyumba ndiyo kazi yangu. Lete simu."

Ni kweli. Mwaka wa tisa sasa niko kwenye ofisi ya wathamini. Kazi yetu ni kwenda kwenye nyumba, kupima, kugonga kuta, kuangalia paa, kulinganisha na nyumba zilizouzwa karibu, kisha kuandika inastahili bei gani. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwa hiyo msinichekeshe na michoro.

Ripoti ilikuwa kurasa kumi na nne. Ukurasa wa kwanza mchoro, mstari mwekundu unateremka kama mtoto kwenye ubao wa kuteleza. Halafu maneno mengi mazito. Nikayaruka. Ukurasa wa kumi na moja nikakuta jedwali la maeneo, na mstari wa eneo letu.

Nyumba za familia: kushuka kwa asilimia 31.

Nikakaa. Nilikaa hapo hapo kitandani, karibu na miguu ya baba.

"Umeona?" Profesa akafurahi. "Thelathini na moja. Si thelathini, sikiliza vizuri. Na moja! Hiyo ndiyo sayansi."

Nikaisoma tena ile namba. Chini ya jedwali palikuwa na namba ya simu ya mchumi mkuu wa utafiti huo. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Mwanamume akapokea. Sauti laini, ya mtu aliyeshiba.

"Nasoma ripoti yenu ya nyumba," nikasema. "Eneo letu mmesema asilimia thelathini na moja. Mliipata wapi?"

"Swali zuri, mama. Hatubahatishi sisi. Wathamini walioko huko huko wanatujazia fomu kila baada ya miezi mitatu."

"Wathamini wangapi eneo letu?"

"Ofisi moja. Lakini nzuri sana! Kuna mama pale, kwa kweli ni mtu makini. Fomu zake hazina pengo hata moja. Wengine wanatuletea ishirini, thelathini, unajua kabisa wamekadiria. Yeye analeta thelathini na moja. Hapo unaona mtu ametoka, ameshika nyumba, amepima."

"Na hao wachumi wengine sita?"

"Wote tunatumia jedwali hilo hilo."

Profesa alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kama yuko kwenye ibada.

"Huyo mama," nikasema, "ni mimi."

Dalali aliacha kukunja tepu.

"Na sikupima chochote. Miezi mitatu ile haikuuzwa nyumba hata moja eneo hili. Bosi akaniambia fomu haiendi na pengo, niangalie ninyi wachumi mlisema nini mara ya mwisho, nifuate mkondo. Nikaangalia. Mlisema bei zitashuka sana. Nikaandika thelathini. Nikaona thelathini inaonekana ya kubuni. Nikafuta, nikaongeza moja."

Hiyo ndiyo sayansi yote, ndugu zangu. Chai mkononi, mwalimu wa mtoto anapiga simu kwamba mtoto ana homa, nataka kutoka ofisini upesi. Nikaongeza moja, nikatuma, nikachukua mkoba.

Nilidhani mchumi atashtuka, labda hata kunitukana. Ningemshukuru.

"Lakini si unaona, mama," akasema taratibu, "namba yako na utabiri wetu vinaendana."

"Vinaendana kwa sababu nilinakili kwenu!"

"Sawa, sawa. Bahati nzuri umepiga. Fomu yako ya miezi hii haijafika, na mwisho ni leo. Ukikosa namba kamili weka hata makadirio. Mfumo wetu haupokei pengo."

Nikakata simu.

Baba alikuwa amejiinua, ameegemea ukuta.

"Kwa hiyo nyumba yangu uliishusha wewe, ukiwa umekaa?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikuja kuiangalia?"

"Hapana, baba."

"Na ofisini kwenu hadi hapa ni mwendo wa dakika ishirini."

Nikaangalia shuka lenye alama ya kiatu. Kumbe nilikuwa namfokea dalali kwa goti kitandani, wakati mimi nilishamkanyaga mzee mwili mzima miezi mitatu nyuma.

Kaka ndiye aliyedakia.

"Sasa ndiyo tuuze upesi zaidi!"

"Umechanganyikiwa?"

"Nisikilize. Uongo ni wako, sawa. Lakini watu wameusoma, wameuamini. Nani atatoa bei ya zamani tena? Muulize huyu hapa."

Dalali akakohoa. "Mteja wangu alikuwa radhi kutoa bei nzima, dada. Ripoti ilipotoka akakata karibu theluthi. Na wengine ninaowahudumia hivyo hivyo. Wiki iliyopita mjane mmoja mtaa wa nyuma kauza kwa hiyo hiyo bei mpya. Alilia mbele yangu, lakini akatia sahihi."

Mjane. Huyo simjui, wala hanijui. Kauza nyumba yake kwa sababu nilikuwa na haraka siku moja.

Na nyumba yake ndiyo ya kwanza kuuzwa kweli. Fomu ijayo itasema bei zimeshuka, na safari hii itakuwa kweli tupu. Wachumi watapongezana.

"Baba," nikasema, "wewe unataka kuuza?"

"Mimi?" Akashangaa kama mtu ambaye hajaulizwa wiki tatu, na kweli hakuwa ameulizwa. "Mimi sitaki. Niliogopa tu. Kaka yako alisema nitawaachia banda la kuku."

Profesa akaangalia sakafu. Si mtu mbaya kaka yangu. Ni mtu anayeamini kila kitu chenye nukta na desimali.

"Bwana dalali, mpigie mteja asije."

Alinitazama mimi, akamtazama Profesa. Dalali akatoka uani na simu sikioni, nikamsikia anasema, "Mzee haondoki. Ndiyo. Haondoki."

Hapo ningeweza kwenda jikoni kumpikia mzee, yakaisha. Nyumba yetu imepona. Kuna sauti iliniambia hivyo hivyo, na ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Nikafungua barua pepe. Nikaweka anwani za wachumi wote saba, ziko mwisho wa ripoti, na anwani ya bosi wangu. Nikaandika: namba ya eneo letu ilibuniwa, nimeibuni mimi kwa maelekezo ya ofisi, hakuna nyumba iliyopimwa, iondoeni na muwatangazie watu mliowatangazia. Nikaweka jina langu kamili na nafasi yangu ya kazi.

Kaka akasoma begani kwangu.

"Utafukuzwa kazi leo leo. Wanao watakula asilimia?"

"Watakula ninachouza. Hata vipuri nitauza."

"Fikiria kwanza!"

"Nilipobuni sikufikiria, kaka. Usinitake nianze kufikiria wakati wa kusema ukweli."

Ninyi mnaosoma, mna wazazi, mna paa. Mtu akija na mchoro unaoteremka, mwulizeni nyumba ngapi zimeuzwa, nani aliziona kwa macho, na alinyanyuka kwenye kiti? Akisema wachumi saba, ulizeni kama saba hao wana macho saba au karatasi moja. Na kama wewe ndiye mwenye kalamu, kama mimi, pengo ni jibu. Acha pengo.

"Tuma," baba akasema kutoka kitandani. "Halafu mwite yule dalali arudi."

"Wa nini tena?"

"Atupeleke kwa huyo mjane. Ukamwambie kwa mdomo wako."

Nikatuma. Nikamtafutia baba viatu, tukatoka.