Mwogeleaji wa Garissa

Niliondoka Garissa kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa. Miaka miwili baada ya kupata shahada ya takwimu, kazi yangu kubwa ilikuwa kuwajazia majirani fomu za serikali kwa simu yangu, na kila aliyemaliza kujaziwa aliniuliza, "Na wewe Hodan, kazi bado?" Kwa hiyo nilipoona tangazo la kazi ya miezi mitatu katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, nililisoma mara kumi na moja. Walitaka watu wawili wa kuhesabu viota vya kasa na kupima takataka zinazotupwa pwani na bahari. Mwisho wa miezi mitatu, mmoja kati ya wale wawili angeajiriwa kabisa.

Fomu iliuliza kama najua kuogelea. Mto Tana unapita karibu na kwetu, lakini una mamba, nasi tumelelewa kuutazama kwa mbali na kwa heshima. Nikabonyeza "Hapana." Fomu ikawa nyekundu, ikakataa kuendelea. Nilikaa nayo saa nzima, nikapiga hesabu kwamba kazi ingeanza baada ya wiki tatu, na mtu mwenye shahada anaweza kujifunza mengi katika wiki tatu. Nikabonyeza "Ndiyo." Wiki hizo tatu nilijifunza kuogelea kwa video, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya mkeka sebuleni. Mama alipita, akasimama, akanitazama nikirusha miguu.

"Hooyo," akasema, yaani "mama" kwa Kisomali, akiniita kwa jina lake mwenyewe kama mama zetu wote wafanyavyo, "tumbo linakuuma?"

Nikamwambia ni mazoezi. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Safari ilianza mapema asubuhi, mwanzoni mwa Disemba, kwa basi la kwenda Garsen. Mama alinipa kopo la nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa ikahifadhiwa ndani ya samli. Mimi nilijipa vidonge vya kichefuchefu cha baharini, nikameza viwili hapohapo Garissa ili mwili uanze kuvizoea. Matokeo yake ni kwamba siwezi kuwasimulia lolote kuhusu barabara hadi Hola, maana nilikuwa nimelala mdomo wazi juu ya bega la mwalimu mmoja kutoka Meru, ambaye alivumilia kwa ustaarabu mkubwa.

Mbele kidogo ya Hola tulishushwa kwenye kizuizi cha polisi. Afisa alichukua kitambulisho changu.

"Unaenda wapi, dada?"

"Kwanza Garsen, halafu Mokowe, halafu Kiwayu, ila kama boti itakuwa..."

"Nimeuliza, unaenda kufanya nini huko?"

Hakuwa ameuliza hivyo, lakini sikubishana. "Kuhesabu kasa."

Akakiangalia kitambulisho, akaniangalia mimi. "Kasa wa nani?"

Swali hilo sikuwa nimelifanyia maandalizi. Kwetu kila mnyama ana mwenyewe. "Wa Mungu," nikasema.

"Panda gari," akasema, akanirudishia kitambulisho kama mtu aliyechoka.

Siku ya pili nilifika Mokowe, mahali ambapo barabara inaishia na boti zinaanza. Nilivaa jaketi la kuokolea, nikaomba la pili, nikanyimwa. Nahodha alinitazama nilivyoung'ang'ania ubao kwa mikono miwili.

"Dada, ukiuachia hautakimbia," akasema.

Nikacheka kicheko cha mtu anayejua kuogelea. Sijui kinasikikaje, lakini nilijitahidi.

Kiwayu ni kisiwa kirefu na chembamba, kama mtu aliyelala ubavu mlangoni. Upande wa nje bahari kuu inapiga kutwa. Upande wa ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia na mikoko imesimama bila wasiwasi wowote. Katikati kuna mgongo wa vilima vya mchanga. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, nilikuwa napanda juu na kuziona bahari zote mbili kwa wakati mmoja, mawimbi kushoto, ukimya kulia. Ni mandhari nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, nami niliitazama nikiwa nimekaa chini, nisije nikaanguka.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Esha, mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka kisiwa kingine, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaookota ndara za plastiki pwani, kuziosha na kuzichonga wanyama wa kuchezea. Chakula cha kwanza aliniandalia wali wa nazi na samaki. Nikaomba ndizi.

"Ya baada ya chakula?"

"Ya kulia wali."

Bi Esha akaweka kijiko chini. "Mwanangu, hapa tumepokea watu wa kila namna." Lakini alinitafutia ndizi, na alipoonja nyirinyiri yangu akasema kwamba watu wanaoweza kutengeneza hii wanasamehewa mengine.

Kila asubuhi mimi na mwenzangu wa kazi, kijana wa Mpeketoni, tulitembea upande wa nje kabla mchanga haujawaka. Nyayo za kasa huonekana kama njia ya gari dogo lililotoka baharini, likazunguka, likarudi. Mimi niliandika, nikapima, nikaweka vijiti, kisha nikarudi kuhakikisha vijiti. Maji yakinigusa vidole nilijifanya nimeona kitu cha maana huko juu.

Wiki ya sita msimamizi wetu, Bi Salma, alikuja kutoka Lamu mjini. Alisema kwamba siku za bamvua, mwezi unapotimia na maji kupwa sana, mkondo ulioko ncha ya kusini unavukika kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga ambalo viota vyake havijawahi kuhesabiwa. Tungeweza kwenda sote, sisi na kikundi cha Bi Esha, kwa sharti moja: asiyejua kuogelea aandamane na anayejua, kwa sababu maji yakianza kurudi hayabishi hodi.

Wanawake wa kikundi wote walijua kuogelea, isipokuwa Maryamu, aliyeolewa hapo kutoka bara, mwenye mtoto wa miezi minane. Misimu miwili wenzake walipovuka kuokota ndara, yeye alibaki nyuma kwa woga.

"Safari hii utakwenda na Hodan," Bi Salma akasema, akifungua karatasi zake. "Ameandika anaogelea."

Maryamu akanishika mkono. "Basi na mimi naenda! Nikiwa na wewe sina hofu."

Nilikuwa na siku nne za kusema ukweli. Badala yake nilichora jedwali. Nilipiga hesabu ya kina cha maji kila baada ya dakika kumi, urefu wa Maryamu, urefu wangu, na kasi yetu ya kutembea, nikathibitisha kwa ukurasa mmoja na nusu kwamba tukirudi mapema hakuna atakayehitaji kuogelea. Nilifurahi sana. Kisha nikaona kwamba jedwali lote lilisimama juu ya neno "tukirudi mapema," na lilimhusu mama wa mtoto mchanga. Nikachora jingine.

Asubuhi ya bamvua, kama saa nne, tulisimama kwenye ukingo wa mkondo. Maji yalifika katikati ya miundi tu. Wenzetu walikuwa wamekwisha kuingia, wakicheka. Maryamu alifunga ncha moja ya leso yake kiunoni, na ncha nyingine akaifunga kwenye kifundo cha mkono wangu, mafundo mawili, akayavuta kuona kama yameshika.

"Mimi siogelei," nikasema.

Akadhani natania. Bi Esha akarudi kutoka majini. "Huogelei leo, au huogelei?"

"Sijawahi. Nilijifunzia kwenye mkeka."

Wengine walicheka mpaka wakashikana. Maryamu hakucheka. Alifungua mafundo yale mawili polepole, bila kuniangalia, akakunja leso yake, akarudi nyumbani kwa mtoto wake. Ningependa kusema nilijisikia mwepesi baada ya kusema kweli. Nilijisikia kama mtu aliyekamatwa na sanduku la mwenzake, akalirudisha, na anataka apewe shukrani.

Bi Salma, aliyekuwa papo hapo ukingoni, hakupaza sauti. "Ungenyamaza nusu saa zaidi ningekurudisha Garissa leo," akasema. "Maliza miezi yako. Lakini ile nafasi ya kudumu sahau." Ilimwendea mwenzangu wa Mpeketoni, ambaye huandika saba zake kama moja lakini huogelea kweli.

Maryamu hakunisemesha siku tisa. Nilizihesabu. Siku ya kumi alikuja uani, mtoto mgongoni.

"Bi Esha amesema atatufundisha sote wawili, upande wa ndani," akasema. "Utaingia wewe kwanza. Nikuone."

Niliingia kwanza, na dera langu likajaa hewa likanifunika kichwa kama hema. Kutoka ufukweni nilimsikia Maryamu akicheka kwa mara ya kwanza. Bi Esha alinishika mgongo kwa kiganja kimoja. "Wacha kufikiri! Maji hayakuulizi kitu!" Ilinichukua wiki mbili kuelea. Maryamu ilimchukua siku tatu.

Mwisho wa Februari nilirudi kwa njia ileile. Kutoka Mokowe hadi Garissa nilitunga maelezo matatu ya kwa nini sikupata kazi: moja la majirani, moja la wajomba, moja la Mama. Yote yalikuwa mazuri, na la tatu lilikuwa na takwimu.

Nilichojifunza ni kidogo kwa miezi mitatu. Kwa fomu ile nilidhani nahatarisha jina langu tu. Kumbe kulikuwa na mtu nisiyemjua bado, aliyekuja kujifunga kwenye neno langu kwa mafundo mawili.

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Hata mkoba sijauweka chini, akauliza, "Wamekuajiri?"

Maelezo yote matatu yakanikimbia. "Hapana, hooyo. Nilidanganya kwamba najua kuogelea. Karibu nimpeleke mwanamke majini, ana mtoto mchanga."

Nilijiandaa kusikia habari ya ada ya chuo Mama aliyonilipia.

"Na yeye yuko wapi sasa?" akauliza.

"Yuko kwao, salama. Anaogelea kunishinda."

"Alhamdulillahi," akasema, akaupokea mkoba. "Nawa mikono, ule."